Kunja na Kunjua: Aljebra ya Kompyuta katika Kiswahili cha Nyumbani

Mtu wa lugha akionekana na daftari la aljebra, wenzake humwuliza kama amehama kitivo. Mwaka huu nimeulizwa hivyo mara nyingi, na jibu langu ni lilelile: sijahama, ila nina mdogo nyumbani.

Mdogo huyo ni binti wa mama mdogo. Anakaa nasi Luano, upande wa barabara ya uwanja wa ndege, na yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, sehemu ya hisabati na fizikia. Anataka kuingia Polytechnique hapa UNILU. Wako wawili nyumbani watakaofanya mtihani wa Taifa, ule tunaouita Exetat, mwaka huuhuu. Baba amesema mbele yetu sote kwamba mfuko wake utaweza kulipia chuo mtoto mmoja kwanza, yule atakayeleta asilimia kubwa. Mwingine atangoja. Na kungoja kwa msichana tunakujua: mwaka mmoja unapita, wa pili unakuta amekwisha kuposwa.

Aliponiambia “Yaya, unisaidie na mat”, nilikuwa na kidogo cha kumpa. Mimi sekondari nilisoma Kilatini na falsafa. Rafiki mmoja wa kitivo cha Sayansi ndiye aliyenipa kwenye flashi programu iitwayo Maxima, inayofanya aljebra kwa kompyuta. Haina malipo na haihitaji intaneti, kwa hiyo haili mega hata moja. Tuliiweka katika kompyuta ya zamani ya baba, halafu tukapata na ile ya simu, kwa sababu kuranti ikikatika simu ndiyo inayobaki hai. Tangu hapo tunakaa nayo karibu kila jioni.

Ninaandika haya kwa wenzangu wenye wadogo nyumbani, wapate vidokezo vya kuanzia. Lakini ninaandika pia kwa walimu wetu, kwa sababu maswali mengi yaliyotujia mezani hayakuwa ya hisabati. Yalikuwa maswali yetu, ya watu wa lugha, na hakuna aliyetuuliza bado.

Programu inayoshika herufi

Kikokotoo cha kawaida kinajua namba tu. Kiambie 1 gawanya kwa 3, kitakupa 0,333 na kukatia mahali. Programu ya aljebra huacha theluthi ibaki theluthi, na kipeuo cha pili cha 2 kibaki kipeuo, mpaka wewe mwenyewe uombe desimali. Zaidi ya hapo inashika herufi. Ukiiandikia x^2-5*x+6 haikuulizi x ni ngapi. Iko tayari kuigawa, kuizidisha, kuivunja na kuiunga, kama sisi tunavyoweza kuchambua sentensi bila kumjua mtu anayetajwa ndani yake.

Maxima si mtoto wa jana. Mama yake aliitwa Macsyma, na kazi ya kumtengeneza ilianza mwaka 1968 katika chuo cha MIT, Marekani. Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Texas, William Schelter, aliitunza nakala yake moja tangu 1982. Mwaka 1998 alipata ruhusa ya kuitoa kwa watu wote chini ya leseni huria, na alipofariki mwaka 2001 watu wa kujitolea waliipokea na wanaiendeleza mpaka leo. Zipo nyingine: Maple iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, mwaka 1980, na Mathematica ya Stephen Wolfram iliyotoka mwaka 1988. Hizo mbili zinauzwa. Kwa nyumba kama yetu chaguo lilikuwa limekwisha kufanywa.

Jina aljebra lenyewe ni jirani yetu wa zamani. Linatoka katika Kiarabu al-jabr, yaani kurudisha kilichovunjika mahali pake, neno lililotumika pia kwa kuunga mifupa. Al-Khwarizmi alilitia katika kichwa cha kitabu chake huko Baghdad katika karne ya 9. Mzizi huohuo ndio uliotupa jabari, na kutoka lugha ileile tulipokea hesabu na sifuri. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa kimeketi katika jamvi hili kabla ya Kifaransa kufika Katanga. Hata hivyo, ingia leo soko lolote la Lubumbashi uulize bei: utajibiwa cinq cents, mille, deux mille. Tunabishana kwa Kiswahili, tunahesabu kwa Kifaransa. Mdogo wangu naye hufikiri vivyo hivyo. Anasimulia kwa Kiswahili, lakini akifika kwenye namba ulimi unabadilika wenyewe, na mara nyingi maana hubaki upande aliotoka.

Sawasawa tatu

Jambo la kwanza lililotusimamisha ni alama ya sawasawa. Darasani kwake alama hiyo ni moja, nayo husomwa égale popote ilipo. Katika Maxima kuna tatu, na ukizichanganya hutafika mbali.

Ukiandika x:3 umetoa amri: kuanzia sasa x iwe 3. Ukiandika x^2=9 hukutoa amri wala hukusema kweli au uongo. Umeweka vitu viwili kwenye mizani, na unaweza kuuliza ni x gani zitakazoifanya isimame. Ukiandika f(x):=x^2 umetoa maana, kama kamusi inavyofanya: popote nitakaposema f ya kitu, maana yake ni kitu hicho mara chenyewe.

Nilimsomea mdogo wangu maelezo haya kwa Kifaransa, akaitikia kwa adabu bila kuelewa. Tukajaribu kwa Kiswahili cha hapa kwetu. “Tuseme x ikuwe tatu.” “Hii na hii ziko sawasawa.” “f njo kusema kitu mara kitu.” Alicheka, halafu akachukua kalamu na kupanga mazoezi ya kitabu chake katika mafungu matatu, ikuwe, sawasawa na njo kusema, bila mimi kumwongoza. Lugha yake ilikuwa na tofauti zote tatu tangu utotoni. Tofauti kati ya hali ya kuamuru na hali ya kueleza, ambayo sisi tunaifanyia mtihani katika sarufi, yeye huitumia kila siku akituma mtoto dukani. Ila hakuna aliyemwambia kwamba inahusu hisabati.

Hapa kuna kidokezo kwa anayeanza. Programu inakumbuka. Ukiiambia asubuhi x:3, jioni ukaomba solve(x^2=9, x), itakulalamikia kwamba imekuta namba mahali palipotakiwa herufi isiyojulikana. Kwake x si fumbo tena, ni 3. Dawa yake ni kill(x), inayofuta kumbukumbu ya x, au kill(all), inayofuta yote. Ukipata jibu la ajabu, kabla ya kuilaumu mashine au kujilaumu mwenyewe, anza hapo.

Tahajia ya mashine

Mengine ni mambo ya tahajia, na mtu wa lugha atayazoea upesi. Tunayoandika kwa mkono kama 2x, mashine inataka 2*x. Bila nyota itakataa. Ukiandika xy itadhani ni jina moja refu, kama vile mtu angeunganisha maneno mawili bila nafasi. Sinasi ya x lazima iwe na mabano: sin(x). Kila amri humalizwa kwa nukta mkato, na katika dirisha la wxMaxima unabonyeza Shift pamoja na Enter ili amri ifanyike. Pi huandikwa %pi, na ile e ya logi asilia huandikwa %e.

Mtego mkubwa kwetu sisi tuliosoma kwa Kifaransa ni mkato wa desimali. Tunaandika 2,25, na mashine inataka 2.25. Ukiandika sqrt(2,25) itadhani umeiletea namba mbili, 2 na 25, katika mlango wa mmoja. Afadhali zaidi ni kuandika sehemu, 9/4, na jibu litatoka safi: 3/2.

Mtego mwingine ni log. Shuleni kwetu log ni ya msingi wa 10 na ln ni ya asilia. Katika Maxima log ndiyo ya asilia. Ukitaka ya 10, andika log(x)/log(10). Mwanafunzi asiyejua hili atapata majibu tofauti na kitabu jioni nzima, na ataamini kwamba kosa ni lake.

Kuhusu utaratibu wa vitendo, nilimfundisha mdogo wangu neno la watoto wa shule ya msingi Tanzania, MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni neno zuri, linakaa kichwani kama wimbo. Lakini mashine ilitufunulia mahali linapovuja. Chukua 10-3+2. Anayelishika neno hilo herufi kwa herufi atajumlisha kwanza, 3 na 2 ni 5, kisha atatoa na kupata 5. Mashine inasema 9, na iko sahihi: kujumlisha na kutoa wana cheo kimoja, na anayetangulia ni aliye kushoto. Tena vipeo havimo katika neno hilo. Andika -3^2 upate -9, kwa sababu kipeo kinamshika 3 kabla ya alama ya kutoa kufika. Ukitaka 9, andika (-3)^2. Na 1/2*x ni nusu ya x. Moja juu ya 2x huandikwa 1/(2*x). Mabano hayalipiwi, tuyatumie.

Mashine inayouliza

Siku moja tulikuwa kwenye intégrales. Aliandika integrate(x^n, x), na badala ya jibu akapata swali kwa Kiingereza: je, n ni sawa na -1?

“Yaya, iko naniuliza! Inasema kama n iko sawasawa na moins un. Nijibu nini?”

Nilimwambia asijibu kwanza. Tujiulize kwa nini inauliza. Alikuwa anaijua kanuni kwa moyo, pamoja na mkia wake wa Kifaransa unaosema isipokuwa n ikiwa -1. Alikuwa akiusoma mkia huo kama watu wanavyomalizia sala kwa amina. Sasa mtu mwingine, tena mashine, alikuwa amesimama palepale kwenye mkia na kukataa kuendelea. Alikaa kimya, akaiandika kanuni kwenye karatasi, x kwa kipeo n jumlisha 1, yote juu ya n jumlisha 1, akaweka -1 mahali pa n.

“Kama n iko moins un, kule chini inakuwa zero. Na zero habawezi kugabanya.”

Kwa miezi mingi alikuwa amesema sentensi hiyo kwa Kifaransa bila kuisikia. Sina hakika kama mwalimu angeweza kumfikisha hapo kwa haraka zaidi, kwani mwalimu mwenye darasa lililojaa hana nafasi ya kusimama na mmoja na kumwuliza.

Ila msiidhanie mashine kuwa mwangalifu siku zote. Mahali pengine inapita kimya pale ambapo mtahini wetu hatapita. Iambie ratsimp((x^2-1)/(x-1)), itakujibu x+1 na kunyamaza. Haitakwambia kwamba x haruhusiwi kuwa 1. Katika shule zetu lazima kwanza uandike condition d'existence, na asiyeiandika hukatwa alama. Vilevile integrate(2*x, x) inatoa x^2 peke yake, bila ile C ambayo kila mwalimu wa Lubumbashi huitafuta kwa kalamu nyekundu. Kwa hiyo tumeweka desturi: kila jibu la mashine likinakiliwa, anayenakili anaandika chini yake kile ambacho mashine haikusema. Watu wa fasihi tunalijua zoezi hilo. Ni kusoma yaliyonyamaziwa.

Kukagua bila kunakili

Swali ambalo wakubwa wote huuliza ni hili: mtoto hatakuwa mvivu? Mwalimu mmoja alimwambia mdogo wangu mbele ya darasa kwamba kompyuta ni mkongojo wa wasiotaka kutembea. Baba naye alipita mara mbili tatu nyuma yetu akihakikisha kwamba hatutazami filamu. Hofu yao si ya bure. Programu inayofumbua mlinganyo kwa amri moja inaweza kumfanyia mtoto mazoezi ya juma zima kabla ya ugali kuiva. Na katika chumba cha mtihani atakuwa na kalamu na karatasi tu.

Sheria yetu ikawa rahisi: penseli kwanza, mashine baadaye, na mashine haiulizwi jibu. Inaulizwa kama mstari huu umezaliwa na ule. Namna yake ni hii. Chukua mstari wako wa kwanza, toa mstari wako wa pili, uiambie ratsimp irahisishe tofauti. Ikitoka 0, hatua yako ni nzima. Isipotoka 0, simama. Kwa mfano, kama umeikunjua (x-3)^2 ukapata x^2-6*x-9, andika ratsimp((x-3)^2-(x^2-6*x-9)), na mashine itakujibu 18. Jibu hilo halikwambii kosa liko wapi, ila 18 ni mara mbili ya 9, na mwenye macho ataona kwamba ni alama iliyogeuka. Kutafuta kosa kwa dalili namna hiyo kumemfundisha mengi kuliko majibu yenyewe.

Hapa pia pana tahadhari. Jioni moja alifuta mstari uliokuwa sahihi kwa sababu tofauti haikutoka 0. Ulikuwa wa sinasi na kosinasi. Ukweli ni kwamba ratsimp haijui kuwa sinasi mraba na kosinasi mraba hufanya 1. Lazima umwite trigsimp, na huyo ndiye aliyetoa 0. Nilipomuuliza rafiki yangu wa Sayansi kwa nini mashine yenye nguvu hivi isione jambo la wazi, alinieleza kwamba mwaka 1968, mwaka uleule Macsyma alipoanza, Daniel Richardson alithibitisha kwamba hakuna utaratibu mmoja utakaoweza kuamua, kwa kila usemi wa aina pana hivi, kama ni sawa na sifuri au la. Si kwamba programu haijakamilika. Hakuna itakayoweza. Kwa hiyo 0 ikitoka, amini. Isipotoka, jaribu namna nyingine ya kurahisisha, kisha weka namba fulani mahali pa x uangalie kama tofauti inakuwa sifuri au namba ndogo mno inayotokana na ukadiriaji wa desimali. Ndipo ufute.

Kauli ya kutendua

Nimefikia jambo ambalo hasa lilinifanya niandike katika jarida letu.

Amri za Maxima ni vitenzi vya Kiingereza. Menyu za wxMaxima unaweza kuziweka kwa Kifaransa, lakini amri hubaki. Mdogo wangu alizikariri kama majina ya watu wageni: expand, factor, solve. Alizichanganya kila mara, hasa mbili za kwanza. Factoriser na développer kwa Kifaransa nazo hazifanani, na hakuna kinachomwonyesha kwamba moja ni safari ya kurudi ya nyingine.

Kiswahili kina jambo hilo ndani ya mfupa wake. Tunaliita kauli ya kutendua: funga na fungua, tega na tegua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Irabu moja inaingia, na tendo linarudi lilikotoka. Basi tuliita factor kukunja, na expand kukunjua. Nguo iliyokunjwa ni (x-2)*(x-3), ndogo, unaona mikunjo yake. Nguo iliyokunjuliwa ni x^2-5*x+6. Ni nguo moja. Na solve tuliiita kufumbua, maana mlinganyo ni fumbo, na fumba na fumbua ni jozi ileile. Tangu siku hiyo hakuzichanganya tena. Akaenda mbele yangu: “Sasa yaya, ku-dériver na ku-intégrer, njo ile ile? Kunja na kunjua?” Nikamwambia karibu sawa, ila ukikunjua halafu ukakunja tena, C imepotea njiani, hujui ilikuwa ngapi. Akasema kwamba hata nguo ukiikunja tena mistari haiangukii palepale.

Ninajua watakaosema kwamba hii ni michezo ya nyumbani. Tanzania kuna istilahi zilizokwisha sanifiwa: mlinganyo, kipeo, kipeuo, mabano, sehemu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Mimi ninaziheshimu kazi hizo, na katika makala haya nimetumia maneno yao. Lakini kwa mtoto wa Luano neno kipeuo ni geni kama racine carrée, tena racine carrée angalau litakuwamo katika karatasi ya mtihani. Je, nimpe neno la nne wakati mtihani uko mlangoni? Nilichagua hapana. Nilichagua vitenzi ambavyo mama yake huvitumia, kwa sababu kazi ya maneno hayo ilikuwa kumfanya aone.

Tusisahau mji huu. Mwaka 1965, wafanyakazi wa nyumbani wa hapa, kupitia mkono wa André Yav, waliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili chao, bila kungoja ruhusa ya mtu wa sarufi. Mwaka 1968 Edgar Polomé aliandika juu ya Kiswahili cha Lubumbashi kama lugha yenye sura yake. Kama Kiswahili hiki kiliweza kubeba historia ya mji wa migodi, sioni kwa nini kishindwe kubeba mlinganyo wa daraja la pili.

Maswali kwa walimu wetu

Katika Chuo Kikuu cha Maseno, Kenya, karibu na Kisumu, Maxima hii hii imejificha ndani ya mfumo uitwao STACK, ulioanzishwa na Chris Sangwin nchini Uingereza. Mwanafunzi hupewa zoezi lenye namba zake peke yake, anaandika jibu lake la aljebra, na mfumo hauangalii kama limefanana na la mwalimu herufi kwa herufi. Unaangalia kama lina sifa zinazotakiwa: ni sawa kithamani, limekunjwa kweli, halikusahau C. Kisha humrudishia neno la kumsaidia. Neno hilo lazima mtu aliandike kabla. Pale Maseno masomo ni kwa Kiingereza, basi huandikwa kwa Kiingereza.

Swali langu la kwanza ni hili: hapa kwetu nani ataliandika, na kwa Kiswahili kipi? Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya 2014 imezipa lugha za taifa nafasi shuleni. Watu wa Sayansi wanajua lini jibu ni kosa. Hawajui kila mara namna ya kumwambia mtoto ili asikie. Hiyo ni kazi yetu, na sijaona tukiifanya.

La pili ni la sarufi. Kama kauli ya kutendua inamsaidia mtoto kushika vitendo vinavyopingana, ni nini kingine katika vitenzi vyetu kinachongoja? Kauli ya kutendana kwa vitu vinavyobadilishana nafasi? Kauli ya kutendea kwa kuweka kitu mahali pa kingine? Hii ingeweza kuwa kazi ya mwisho ya masomo kwa mwanafunzi mmoja wa kitivo chetu akishirikiana na mmoja wa Sayansi.

La tatu ni gumu, na silo la kuulizwa darasani. Tukimfundisha mtoto kuelewa kwa Kiswahili halafu tukampima kwa Kifaransa, tumemsaidia au tumemwongezea mto wa kuvuka? Kwa mdogo wangu naona amesaidika. Katika mtihani wa mwisho wa shule aliandika conditions d'existence zote kwa Kifaransa safi, na pembeni, kwa penseli hafifu, nilikuta ameandika: chini haiko zero. Mwalimu hakumkata alama. Exetat bado iko mbele, na nyumbani nafasi bado ni moja kwa wawili.

Kwa atakayetaka kuanza, tunatumia daftari la safu tatu. Ya kwanza ni neno la Kifaransa la mtihani, ya pili ni amri ya mashine, ya tatu ni tunavyosema nyumbani. Factoriser, factor, kukunja. Développer, expand, kukunjua. Résoudre, solve, kufumbua. Kwa dérivée, ambayo mashine huiita diff, safu ya tatu iko wazi. Tumejaribu maneno mengi na yeye ameyakataa yote, akisema hayaonyeshi kitu. Mwenye neno alete. Daftari liko Luano, na penseli ipo.